Sanduku Lililotolewa na Wanawake

Nyie wajukuu zangu, na rafiki zenu mnaoshinda na simu mkononi, haya nimeandika muyasome, siyo mtumiane vipande vipande. Kaeni chini msome mpaka mwisho kama watu waliotulia. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo asitafute mtu hapa maneno ya kupamba. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani. Hayo mnayajua, na asiyejua akamuulize mama yake. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule mwaka tulionunua sanduku la vifaa vya useremala, mimi nikiwa mke wa miezi michache, hina ya harusi bado haijafutika vizuri kwenye kucha.

Mwaka huu nimemzika Bakari, babu yenu. Nimekaa eda, nimetoka. Mliniuliza, Bibi, unawezaje kukaa chumbani miezi minne na siku kumi? Unakaa tu. Mjane akiwa eda hatoki ovyo, hajipambi, na mwanamume asiye ndugu yake wa damu haingii kwake. Unabaki na dirisha na masikio. Siku moja nimejilaza, nasikia randa inavuma kule karakana yetu uani, mara ikabadilika sauti, ikaanza kukwaruza kama kuku anayechakura. Nikapiga kelele kutoka kitandani, "Nani huyo anapiga randa butu?" Halafu nikamsikia Rukia, mjukuu wangu, anawaambia wenzake, "Huyu Bibi ana masikio ya popo." Baadaye aliniletea uji, akakaa miguuni kwangu, akaniuliza, "Hivi Bibi, ilikuwaje sanduku ukanunua wewe, na fundi alikuwa Babu?" Nikamwambia nikitoka nitamjibu. Basi jibu lenyewe ndilo hili.

Tulikuwa tunakaa Ilala, nyumba ya mama mkwe, ile nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, sisi tuna chumba cha mbele na wapangaji wanajaza vilivyobaki. Bakari alikuwa anafanya kazi kiwanda cha mbao, kiwanda kikafungwa. Akarudi nyumbani na mikono yake miwili, maana vifaa vilikuwa vya kiwanda. Akasema atafungua karakana yake mwenyewe uani, pale kwenye kivuli cha ukuta. Wazo zuri, lakini miaka ile madukani zilikuwa zimebaki rafu tu. Ukitaka patasi ya chuma cha maana unasubiri fundi afe. Nasema hivi siyo kwa ubaya, ndivyo ilivyokuwa. Fundi akifa, kabla arobaini haijasomwa, watu wameshaanza kuuliza kwa upole, "Na vile vitu vyake?" Ndipo akafa Fundi Salehe wa mtaa wa Gerezani. Sanduku la Salehe lilijulikana na kila mtu aliyewahi kushika msumeno kuanzia Gerezani mpaka Buguruni. Wanaume walilitaja kwa sauti ile wanayotumia kumtaja mwanamke wa mtu.

Bakari alienda kuulizia. Barazani alimkuta Hamisi, mdogo wa marehemu, ndiye anayesimamia mirathi. Hamisi alimwambia ukweli: angependa kuuza kimoja kimoja, patasi kwa huyu, nyundo kwa yule, maana ndivyo wanunuzi wanavyotaka, kisha warithi wagawane. Shida ni kwamba sanduku liko chumbani kwa mjane, Bi Zuhura, na ufunguo anao yeye, kaufunga kwenye pindo la khanga. Na Bi Zuhura ametoa sharti. Sanduku linauzwa zima, na anayetaka kulinunua aingie alione. "Na kwake mwanamume haingii," Hamisi akasema, akatema mate pembeni. "Kwa hiyo sisi tumekaa hapa kama kuku nje ya jiko." Wanaume walikuwa wameshapeleka wake zao na dada zao, kila mmoja kafundishwa maneno ya kusema, na kila mmoja karudishwa. Mmoja alilia njiani. Bakari aliporudi alisimama mlangoni, akaniangalia kama mtu anayepima ubao kwa jicho. Nikajua nimeshapata safari.

Jioni ile tulikuwa ukumbini tunakula ugali na kisamvu cha nazi, mimi, Bakari na mama mkwe. Bakari akasukuma sahani pembeni, akachukua kijiko, akakilaza kiganjani. "Hii patasi. Geuza mgongo wake, uwe bapa kama kioo. Ukiona vitundu vya kutu, imeliwa." Akachukua mwiko. "Hii randa. Angalia tumboni, pana mdomo, ndipo kisu chake kinapochungulia. Mdomo ukiwa mpana, imechoka." Kisu cha vitunguu kikawa msumeno, nikaambiwa niangalie kama meno yamepinda moja huku, moja kule, na kimo chake ni kimoja. Mimi naitikia, naitikia, na kichwani vinapishana. Mama mkwe alitafuna mpaka akameza, kisha akasema, "Na mimi nikitaka mboga niombe nini, nyundo?" Hakuwa mtu wa kucheka yule mama. Alisema, akanyoosha mkono, akachukua mwiko wake.

Kesho yake nikavaa buibui nikaenda Gerezani. Leo mkipita pale, mabasi ya mwendokasi yanapita, mnaona ni njia tu, lakini wakati ule ungeweza kuijua Gerezani ukiwa umefumba macho, kwa mlio wa vyuma na harufu ya grisi kutoka kwenye magereji. Chumba cha Bi Zuhura kilikuwa cha upande wa barabara. Giza giza, dirisha limefunguliwa bawa moja, ubani umezimika kwenye chetezo. Kitanda kilikuwa cha mninga, miguu yake imechongwa mafundo mafundo, na hakuna hata kijiti kilicholegea. Ukikaa hakitoi sauti. Yeye alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, amejifunika nyeupe, mwanamke wa makamo, mwembamba, mgongo umenyooka. Nilimpa shikamoo, akaitikia, nikampa pole ya msiba. Nje, chini ya dirisha, Hamisi alikuwa anaongea na mnunuzi, na yote tunayasikia. "Patasi nichukulie mimi," anasema yule mtu. "Misumeno mpe yule jamaa wa Buguruni. Sanduku lenyewe mtu atawekea mkaa." Bi Zuhura alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ya kwa jirani. "Kila siku wanaligawa hivyo," akaniambia. "Bahati nzuri ufunguo haugawanyiki."

Akaniuliza, "Umefundishwa?"

"Nimefundishwa, Bi."

"Na nani?"

"Na mume wangu. Kwa kijiko."

"Kwa kijiko?"

"Na mwiko."

Uso wake haukubadilika, ila mdomo ulisogea kidogo upande mmoja. Akafungua pindo, akatoa ufunguo, akavuta khanga iliyofunika kitu miguuni mwa kitanda. Wanangu, mimi nimeona sebule za matajiri, nimeingia nyumba za Upanga zenye vioo vya kutazamia mwili mzima, na sijaona tena kitu kilichopangika kama lile sanduku lilipofunuliwa. Nje lilikuwa jeusi, la kawaida, limechubuka kama punda wa kazi. Ndani kifuniko kimepambwa kwa vipande vya mbao za rangi mbili, vimesukwa kama mkeka wa bibi harusi. Chini yake droo tatu zilizoteleza bila kugusana, na kila kitu kina kitanda chake. Patasi zimelala kwa ukubwa, mkubwa mpaka kitinda mimba. Misumeno imening'inia kwenye vifuniko vya mbao kama popo mchana. Randa zimekaa chini kabisa, zinang'aa kwa mikono ya watu. Bi Zuhura akanieleza kwamba Salehe alilipata kwa mwalimu wake, fundi mmoja Mhindu aliyekuwa na karakana karibu na soko la Kariakoo, na huyo naye alilikuta kwa mwingine. "Limepita mikono yote hiyo na halijapungua kitu," akasema. Akatoa patasi moja nyembamba, akanipa. "Hii nini?"

"Patasi."

"Ya kazi gani?"

Nilitaka kusema lolote. Nikaangalia kile kitu, nikaona uongo utanitoka hovyo. "Sijui, Bi."

"Waliokuja kabla yako walijua zote," akasema. "Mmoja aliniambia hii ni ya kuchongea miguu ya kuku. Basi kaa chini, mwali. Asiyejua anaweza kuambiwa." Akanikalisha mpaka adhuhuri, tukanywa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha, akanitajia kila kimoja na kazi yake. Tulipomaliza akasema atatuuzia, kwa masharti mawili. La kwanza, lisivunjwe kuuzwa kimoja kimoja. La pili, vifaa vikiisha makali nivilete kwake avinoe, mimi, kwa mkono wangu, mpaka siku atakayotoka eda. "Baada ya hapo mtajua wenyewe," akasema. "Sina mtoto. Hamisi ameshasema nikitoka tu napelekwa Kilwa kwa kaka yangu. Kaka yangu anauza nazi. Nitakaa pale, nitachambua mchele wa watu, nilishwe." Neno hilo la kulishwa alilitamka kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. "Kwa hiyo miezi hii ndiyo niliyobakiwa nayo kwa kazi. Usininyime."

Bei sitaitaja, fedha za wakati ule na za sasa hazijuani. Siku ya kulichukua, wanaume walikuja na mkokoteni, na wote wakakwama barazani, maana sanduku lilikuwa zito kama ng'ombe na mlango ule hawavuki. Basi tukalitoa sisi. Wanawake wa vyumba vyote walikusanyika, wakafunga khanga viunoni, na mmoja akatangulia mlangoni kupiga kelele, "Nyie wanaume, macho barabarani! Hesabuni magari!" Wakageuka wote, Hamisi na Bakari na wale wanunuzi, inaonekana migongo tu, kama watoto walioadhibiwa. "Nyonga yangu, shoga!" mmoja akalia katikati ya ukumbi. "Inua wewe, hiyo nyonga mchana haijawahi kufanya kazi!" Mengine yaliyosemwa sitayaandika. Tulicheka mpaka tukaliweka chini mara mbili. Nilipogeuka kuangalia nyuma, Bi Zuhura alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha chumba chake, vidole vya miguu havijavuka mstari hata kidogo, na anatuelekeza kwa sauti ya chini, "Kulia. Kulia tena. Lisiguse fremu." Na halikugusa. Bakari alitembea kando ya mkokoteni mpaka Ilala, mkono juu ya kifuniko, kama anayesindikiza mgonjwa.

Sasa sikilizeni lililotokea. Bakari alikuwa ameshapata kazi ya kwanza kabla hata hajashika nyundo. Mwenye duka moja la vitambaa Kariakoo, mzee wa Kihindu, alitaka rafu za ukuta mzima. Asubuhi Bakari akaenda Buguruni kutafuta mbao, mimi nikaenda sokoni. Mama mkwe alibaki nyumbani na sanduku. Na mnajua taratibu zetu: nguo ya marehemu haivaliwi mpaka ifuliwe. Mtu akifa, kabla hujampa ndugu shati lake, unalifua, unalianika, ndipo unagawa. Yule mama hakuona tofauti kati ya shati na randa. Vyote vya marehemu. Akaita wapangaji, wakajaza maji makarai, wakatia sabuni ya mche, wakachukua jivu na mchanga kama wanavyosugua masufuria ya sikukuu, wakaosha sanduku la Fundi Salehe. Waliosha kwa heshima, sisemi walifanya mzaha. Wengine walikuwa wanamsomea dua. Randa zililowekwa ili mafuta ya mikono yake yatoke. Kisha wakaanika kila kitu juani juu ya mkeka, kimoja kimoja, vizuri kabisa.

Nilirudi na kapu kichwani, nikaona ule mkeka unametameta. Bakari alirudi baada yangu. Alisimama. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, nimekutolea mauti humo. Sasa fanya kazi kwa amani." Bakari, na hapa ndipo nilipojua nimeolewa na nani, akasema, "Asante, Mama." Akazunguka nyuma ya choo, akakaa chini, akashika kichwa. Kufika jioni patasi zilikuwa zimeanza kuwa za rangi ya chungwa, maana hewa ya mji huu ina chumvi na chuma kikivuliwa mafuta kinaliwa siku hiyo hiyo. Randa za mbao zimevimba, visu havitoki tena, na moja imepasuka ufa kwa jua. Hakula. Mwenye duka atakuja kuangalia rafu zake wiki inayofuata, na hatuna kitu kinachokata.

Niliificha randa moja chini ya buibui nikaenda nayo Gerezani. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilipofika nikaiweka mbele yake bila hata neno moja. Bi Zuhura aliichukua, akaigeuza, akainusa.

"Imeoshwa?"

"Imeoshwa, Bi. Zote. Mama mkwe... kwa kuwa ni za marehemu."

"Kwa sabuni?"

"Na jivu."

Akaiweka mapajani, akaangalia ukutani, na mara akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka wale wa barazani wakanyamaza kusikiliza, maana mjane hacheki. "Salehe mwenyewe," akasema, anafuta macho kwa khanga, "Salehe mwenyewe hakuoshwa hivi." Kisha akapumua, akawa mtu mwingine. "Nani nje ya nyumba yenu anajua? Hakuna? Haya. Hii uifunge kwa kitambaa chenye unyevu, uiweke kivulini, kesho kitambaa kikavu, keshokutwa uitoe. Ikikauka kwa haraka inapasuka. Vyuma viloweke mafuta ya taa. Leo. Usilale. Na kila siku niletee utakavyoweza kubeba."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa napita Msimbazi kila siku ya Mungu, buibui limetuna kama la mjamzito wa mapacha, ndani nina patasi na visu vya randa nimevisokomeza kwenye kikapu chini ya mchicha. Vijana wa mtaani waliniuliza, "Dada, mtoto wa ngapi huyo?" Nikaongeza mwendo. Chumbani kwake mkeka ulikuwa umetandikwa karibu na lile bawa la dirisha, kinoo kimewekwa juu ya tofali, na chupa ya mafuta ya cherehani pembeni. Kinoo ni jiwe la kunolea, kwa nyie mnaonunua visu vipya vikiisha makali. Alinifundisha kukaa kwanza. Kisha kushika. Kisha kusikiliza. Chuma kikiwa hakijalala sawa kwenye jiwe kinalalamika, kikilala sawa kinanong'ona. Alinifumba macho kwa kitambaa akaniambia ninoe kwa sikio, na nikikosea alinipiga kidole kwa fimbo ya mswaki. Msumeno alinoa mwenyewe, akaubana katikati ya mbao mbili kwa magoti, tupa inaenda jino kwa jino kama mtu anayesoma msahafu, hana haraka wala hachelewi. Sijamwona mtu mwingine, mwanamume wala mwanamke, anayenoa msumeno vile. Nilikuwa naacha kazi yangu namwangalia mikono.

Siku moja nikamuuliza, "Bi, ulijifunza wapi?"

"Kwa Salehe. Halafu Salehe akajifunza kwangu."

Akanieleza bila kujisifu, kama mtu anayesema alichopika jana. Macho ya Salehe yaliingia ukungu miaka mingi kabla hajafa. Mchana alikuwa nje anapiga randa, watu wanamwona. Alfajiri na jioni yeye Bi Zuhura ndiye anayenoa, ndiye anayechora mistari kwenye mbao kwa kucha ili Salehe aipapase kwa kidole. Makali ya Salehe yaliyosifiwa mpaka Buguruni yalitoka kwenye mkeka ule. "Alikuwa anataka kuwaambia watu," akasema. "Mimi ndiye niliyemkataza. Wangeacha kumpa kazi." Mimi niliyekuwa nimelelewa kuamini kwamba mwanamke anayejua kitu atajulikana tu, nilisahau patasi niliyoishika mkononi. Na mwaka huu, nikiwa ndani ya eda yangu mwenyewe, nilimfikiria yeye kuliko nilivyomfikiria mtu yeyote aliye hai. Mimi nilikuwa na nyie mnaoniletea uji. Yeye alikuwa na dirisha bawa moja, chini yake wanaume wanagawana maisha yake, na bado alikuwa na moyo wa kumfundisha mwanamke mgeni kushika patasi.

Vifaa vilipona. Ile randa yenye ufa ilitiwa kabari ya mpingo, na inafanya kazi mpaka leo. Rafu zilikamilika. Yule mwenye duka alikuja nyumbani Ilala kuziona kabla hazijapelekwa, nikamletea kiti, nikasimama mlangoni na sinia ya chai. Alipitisha kiganja juu ya ubao, akarudia, akainama akauangalia kwa ubavu dhidi ya mwanga. "Fundi, hii ubao umepaka nini?"

"Sijapaka kitu, mzee. Ni randa tu."

"Makali hii naijua mimi. Hii ya Salehe. Salehe si amekufa?"

"Amekufa, mzee," Bakari akasema. "Sanduku lake lipo."

Nilimwangalia Bakari. Akaangalia chini, kwenye takataka za randa. Mzee akaagiza kabati na meza, akaenda zake amefurahi. Usiku ule Bakari aliniambia, bila mimi kumuuliza, "Nilikuwa nisemeje? Kwamba vinanolewa na mjane aliye eda? Wangesema tunamtumikisha." Nikamwambia, "Akishaenda Kilwa utasema nini?" Akageukia ukutani. Mimi nilikuwa najua kunoa patasi, ndiyo, lakini msumeno nilikuwa bado. Na tuache hata hayo ya kwetu. Nilikuwa nawaza ile mikono inachambua mchele.

Siku ikafika. Wanawake walikwenda kumwogesha, kama ada ya kutoka eda ilivyo, wakamvua zile nyeupe, wakamvisha khanga mpya, wakamtia udi na wanja kidogo. Chumba kilikuwa kimeshafungashwa. Godoro limeviringishwa, kitanda kile cha mninga kiko wazi, amekaa ukingoni kwenye ubao mtupu. Hamisi yuko barazani na kamba ya kufungia mizigo. Nilimsalimia. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. "Shemeji," aliniambia, "basi linaondoka alfajiri. Nani atamlipia chumba hapa? Mimi nina watoto sita. Kwa kaka yake atakula." Nikaingia ndani. Wenzangu walikuwa wanapiga vigelegele, nikasubiri wakatoka kwenda kupakua pilau.

"Bi, unataka kwenda Kilwa?"

"Nani kaniuliza?"

"Mimi nakuuliza."

Aliangalia mlango uliokuwa wazi, ambao sasa angeweza kuuvuka. "Sitaki kulishwa, mwali. Kwako wala kwa nani. Kama ni kuwekwa nyumba ya mtu nilishwe, bora kwa ndugu yangu."

"Na kufanya kazi?"

"Kazi ya nani?"

"Ya kwetu. Kwa ujira, kila kazi ikilipwa na wewe unalipwa. Na mbele za watu."

Akageuza mikono yake, akaitazama juu na chini. "Nenda kawaulize wenye nyumba," akasema.

"Siendi kuuliza."

Nikatoka. Nikamwambia Hamisi asifunge kamba mpaka nirudi, na kama sijarudi magharibi, afunge. Nilitembea kutoka Gerezani mpaka Ilala sijui nilikanyaga wapi. Nyie wa leo hamuwezi kuelewa. Mke wa mwaka mmoja, kwenye nyumba ya mama mkwe, haamui hata chumvi. Alikuwa anaambiwa, anaitikia, anafanya. Mimi mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote wa nyumba ile fanya hivi. Niliingia nikapita ukumbi mpaka uani. Mama mkwe alikuwa anapepeta, Bakari ameinama kwenye meza yake ya kazi, wapangaji wawili wanafua. Wakaninyanyulia macho, maana nilikuwa nahema. Sikukaa. Sikusalimia hata. Nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine:

"Bakari, weka chini hiyo mbao. Toa kuni zote kwenye kile chumba cha uani, ukipake chokaa, na dirisha ulipanue upande wa jua la asubuhi, hapo ndipo itakapokaa meza ya kunolea. Mama, naomba mkeka ule mpya, na wali wa leo uongezwe sahani moja. Bi Zuhura anaingia humu kabla ya magharibi, na haji kulishwa, anakuja kazini. Na kuanzia leo, mteja akiuliza makali haya ni ya nani, asitajiwe Salehe wala Bakari. Atajiwe jina lake."